Taa ya sebuleni na giza la jikoni

NDUGU msomaji, mtu anayejenga nyumba kwa mshahara wa ualimu hajengi, anadunduliza. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, kisha kuta zinanyeshewa masika mawili zikisubiri mabati. Mimi na mke wangu tulidunduliza hivyo kwa miaka saba huko Chanika, nje kidogo ya Dar es Salaam, na Alhamdulillah tukafika pale ambapo fundi umeme anakukabidhi karatasi na kukuambia: "Ustadhi, waya zimekwisha, sasa kalete taa."

Nilidhani kuchagua taa ni kazi ya nusu siku. Ilinichukua wiki tatu, na katika wiki hizo nilitakiwa kujibu mwenyewe swali ambalo kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu katika mtihani: israfu ni nini? Darasani swali hilo lina jibu la mistari minne na alama zake zinajulikana. Dukani Kariakoo, ukiwa na fedha mfukoni na taa zaidi ya mia zinawaka mchana juu ya kichwa chako, jibu lile hukimbia.

Taa iliyoniteka ilikuwa ya vioo, ya kuning'inia, yenye balbu kumi na mbili na minyororo ya rangi ya dhahabu. Bei yake ilikuwa shilingi 450,000. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniona nimesimama hapo muda mrefu, akaja akaniambia: "Ustadhi, hii ukiitundika sebuleni, mgeni akiingia tu lazima aangalie juu." Nikatoa arbuni ya shilingi 50,000 papo hapo.

Nataka msomaji aishike vizuri kauli ya yule kijana, kwani alisema kweli tupu. Hakuniambia kwamba nitaona vizuri zaidi. Hakuniambia kwamba watoto watasoma vizuri. Aliniambia kwamba mgeni ataangalia juu, na mimi nikalipa.

Kilichokuwa kwenye karatasi

Bajeti yetu ya taa ilikuwa shilingi 700,000. Usiku ule nilikaa nikaigawa. Sebule 450,000. Taa mbili za ukutani za barazani, zile zinazoonekana kutoka barabarani, 110,000. Chumba chetu 70,000. Zikabaki 70,000, na hizo nikaziandikia mstari mmoja: "Jiko, ukumbi, bafu, chumba cha mama, chumba cha watoto, chumba cha binti: holda na balbu."

Kuna jambo jingine ambalo halikuwemo kabisa katika karatasi ile. Fundi alikuwa amenishauri niongeze 120,000 ninunue kifaa bora cha kwenye boksi la swichi kuu, kile kinachokata umeme chenyewe pindi unapoanza kuvuja. Mimi nilimwambia: "Hicho tutaweka baadaye."

Mke wangu aliichukua karatasi akaisoma kimya kimya. Kisha akauliza: "Baba watoto, jikoni hapa umeandika nini?" Nikamjibu: holda na balbu. Akauliza tena: "Na mimi jioni nitakuwa wapi?"

Hakuongeza neno. Alirudisha karatasi mezani akaenda zake kulaza watoto. Wallahi, sijapata kusahihishiwa mtihani kwa haraka namna ile.

Tulikuwa bado tumepanga Tandika, na kuanzia kesho yake nikaanza kuchunguza nyumba yetu ya kupanga: nani anatumia taa ipi, na kwa saa ngapi. Nilifanya hivyo kwa wiki nzima. Jikoni taa iliwaka kuanzia kabla ya Magharibi hadi baada ya Isha, kisha tena kabla ya Alfajiri. Mama yangu, ambaye anaishi nasi na umri wake umepita miaka 60, huamka usiku kuswali na hupita ukumbini kwenda kutawadha. Watoto husoma juu ya meza ya chakula. Binti anayetusaidia kazi hushona kofia chumbani kwake baada ya kumaliza kazi zetu, maana ile ni akiba yake. Ama sebule, katika wiki ile tulipata wageni mara moja, nao walikuja mchana.

Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya fedha ya mwanga niliipeleka kwenye chumba kinachotumika kwa uchache kuliko vyote, na wale watu watano ambao maisha yao ya usiku yanategemea taa niliwaandikia holda.

Je, taa nzuri ni haramu?

Hapa baadhi ya ndugu zetu watakurupuka na kusema: "Ndiyo maana tunasema mapambo ya nyumba ni israfu!" Taratibu. Mwenyezi Mungu (SW) katika Surat Al-A'raf (7:31-32) amewaamrisha wanadamu wachukue mapambo yao, wale na wanywe bila ya kuvuka mpaka, kisha akawahoji wale wanaojiharamishia pambo ambalo Yeye amewatolea waja wake. Na imepokewa katika hadithi iliyomo katika Sunan ya Tirmidhi kuwa Allah hupenda kuona athari ya neema yake kwa mja wake. Basi mwenye kusema kwamba taa ya vioo ni haramu kwa sababu ni nzuri amejitwika mzigo asioweza kuubeba.

Wala Waislamu hatukuanza jana kupenda taa. Bi Aisha (RA), katika hadithi iliyomo katika Sahih Bukhari, ameeleza kuwa nyumba za siku zile hazikuwa na taa. Mtume (SAW) alikuwa akiswali usiku chumbani gizani. Kisha imepokewa katika Sunan ya Ibn Majah, japokuwa wanavyuoni wameijadili sanadi yake, kuwa mtu wa kwanza kuweka taa misikitini alikuwa ni sahaba Tamim ad-Dari (RA), ambaye asili yake ni Sham.

Karne zikapita. Katika karne ya 13 na ya 14, zama za Mamluki, mafundi wa vioo wa Misri na Sham walitengeneza taa za misikiti ambazo mpaka leo watu husafiri kwenda kuzitazama katika makumbusho ya Cairo na London. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya msikiti wa Sultan Hasan wa Cairo, uliojengwa kati ya mwaka 1356 na 1363. Nyingi ya taa hizo zina maandishi mahali pawili: shingoni pameandikwa mwanzo wa Aya ya Nuru (24:35), na tumboni pameandikwa jina na vyeo vya sultani au amiri aliyezitoa. Utambi ukiwashwa, maneno ya Mola na jina la mtawala yanang'ara kwa mafuta yale yale.

Sina haki ya kuhukumu nia ya sultani aliyekufa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Huenda alitaka tu aombewe dua. Lakini mfano huo ulinisaidia kujihoji. Taa moja inaweza kubeba makusudio mawili, na mwenye taa peke yake ndiye ajuaye lipi lililomtoa nyumbani kwenda dukani. Katika taa yangu ya balbu kumi na mbili nilitafuta kusudio la pili, la kumnufaisha yeyote, na sikuliona. Palikuwa na jina moja tu, nalo lilikuwa langu.

Hesabu ya umeme

Nifungue mabano kidogo kwa ajili ya wale wanaopenda tarakimu. Taa ile ilikuwa na balbu za kizamani za wati 40 kila moja. Kumi na mbili mara arobaini ni wati 480. Ukiwasha saa tano kila usiku, unatumia uniti 2.4, na kwa siku thelathini ni uniti 72. Mwaka 2016, bei mpya za umeme zilipotangazwa hapa Tanzania, kundi la watumiaji wadogo wa majumbani liliwekwa kuwa ni la wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo taa moja ya sebuleni ilikuwa inakaribia kula umeme ambao familia nzima ya mtu wa kipato cha chini inautumia kwa taa zake, redio yake na pasi yake.

Muuzaji atasema, na ni kweli, kwamba siku hizi zipo balbu za LED. Ukiweka za wati nne nne, taa ile ile itatumia wati 48 tu, na kwa mwezi uniti zisizozidi nane. Balbu ya kizamani kwa hakika ni jiko dogo, maana sehemu kubwa ya umeme wake inageuka kuwa joto na kidogo tu ndiyo inakuwa mwanga. Wanasayansi watatu waliovumbua LED ya buluu, ambayo ndiyo iliyofungua mlango wa taa nyeupe za namna hii, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na mimi nasema walistahiki.

Lakini unafuu huu nao una mtihani wake. Kitu kikiwa rahisi, mtu huacha kukihesabu. Mwenye kibatari hakuwa na sababu ya kuwasha vibatari vitano, lakini mwenye LED huacha taa kumi zinawaka katika vyumba visivyo na mtu, na akiulizwa husema: "Hazili umeme hizi." Imesimuliwa sana juu ya Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala mwaka 717 hadi 720, kwamba alikuwa akizima taa iliyotiwa mafuta ya mali ya umma mara tu mazungumzo yalipogeuka kuwa ya mambo yake binafsi. Thamani ya mafuta yale kwa dakika zile ilikuwa ndogo mno. Alichokuwa akikipima ni kama mwanga ule upo mahali pake.

Mwanga mahali pake

Hapo ndipo nilipolipata jibu ambalo darasani lilikuwa linanikimbia. Tumezoea kupima israfu kwa bei: cha laki nne ni israfu, cha elfu kumi si israfu. Wanavyuoni walikuwa makini kuliko sisi. Wamesema israfu ni kuvuka kiasi, na tabdhiri ni kuweka mali mahali pasipostahiki. Na Surat Al-Furqan (25:67) inawasifu wale ambao wakitoa hawavuki mpaka wala hawafanyi uchoyo, bali wako katikati. Msomaji atazame tena karatasi yangu. Sebuleni nilivuka mpaka na jikoni nilifanya uchoyo, katika ukurasa mmoja, kwa kalamu moja. Nilikuwa na maradhi mawili ambayo nilidhani hayakai katika mwili mmoja.

Na giza lina madhara yake kwa wanaoachiwa. Wataalamu wa macho wanaeleza kuwa mwanga unaofika ndani ya jicho la mzee wa miaka 60 ni takriban theluthi moja ya ule unaofika katika jicho la kijana wa miaka 20. Maana yake, ukumbi ambao mimi naupita bila taabu, kwa mama yangu ni giza. Jikoni nako, balbu moja katikati ya dari humwangazia mpishi mgongoni, naye hukata vitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Mke wangu amekata vitunguu kwenye kivuli chake miaka yote ya ndoa yetu, na mimi nikidhani jiko lina taa.

Ama yule binti, hadithi ya Abu Dharr (RA) iliyomo katika Bukhari na Muslim inajulikana na kila mwanafunzi wangu: wanaotutumikia ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula na tuwavishe tunachovaa. Nimeifundisha mara nyingi. Sikuwahi kujiuliza kama inaingia mpaka kwenye balbu.

Nikakumbuka pia kile kifaa cha fundi. Mtume (SAW), katika hadithi iliyomo katika Bukhari, ameamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, kwa sababu panya anaweza kuburuta utambi akawaunguza wenye nyumba. Tazama mafundisho hayo yanaanzia wapi: usalama wa waliolala. Panya wa leo ni waya uliochunika nyuma ya dari. Mimi nilikuwa tayari kumlaza mama yangu na wanangu chini ya waya usio na mlinzi ili mgeni aangalie juu.

Hoja za rafiki yangu

Nilipomsimulia rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, hakukubaliana nami, na hoja zake si za kupuuzwa. Alisema kwanza kwamba kumkirimu mgeni ni katika imani, na sebule ndiyo uso wa nyumba. Pili, alisema wapo watoto wa watu wanaokula kwa kutengeneza na kuuza taa hizo, tukiacha wote kununua nao watakula nini? Tatu akanichoma kidogo: "Wewe umejinyima miaka saba. Huna haki hata ya kitu kimoja cha kukupendeza?"

Ya kwanza nakubali, ila mgeni hukirimiwa kwa anachokitumia. Anahitaji kuona uso wa mwenyeji wake na chakula kilichoko mezani. Mwanga wa kumtosha kwa hayo ni haki yake, na ukiwa mzuri ni bora zaidi. Ya pili nayo nakubali, ndiyo maana fedha yangu niliipeleka duka lile lile, kwa kijana yule yule. Ya tatu ndiyo ngumu. Ndiyo, mtu ana haki ya kupendezewa, na Mola hakutuumba tuishi kama wafungwa. Lakini mimi sikuwa nimejinyima peke yangu. Miaka saba ile mke wangu hakununua kitenge cha sikukuu mara tatu, na mama yangu aliuza mbuzi wake ili tuezeke. Waliojinyima ni wengi, halafu zawadi achague mmoja na aitundike mahali anapopokea sifa yeye?

Laiti ningekuwa nimewauliza wote na wote wakasema, "Tunaitaka ile ya vioo," pengine leo ingekuwa inaning'inia, na nisingeona haya kuiandika hapa.

Taa ya nje

Jambo la mwisho ni lile la barazani. Mitaa yetu mipya haina taa za barabarani, na kila mwenye nyumba hufunga taa kali ukutani kwa ajili ya wezi. Mtu ana haki ya kulinda mali yake. Lakini taa nyingi zimefungwa zikitazama mbele, na mwanga wake unavuka barabara unaingia dirishani kwa jirani, mtoto wake halali mpaka atundike shuka. Mpita njia naye anapofushwa macho, haoni shimo lililo mbele yake. Tumehimizwa mno juu ya haki ya jirani, tukadhani ni kelele na taka peke yake.

Dawa yake ni nyepesi. Taa hiyo hiyo ukiifunga ikitazama chini, na ikiwa na kofia, itamwonesha mwizi na itamwangazia mzee anayepita kwenda swala ya Alfajiri. Hii haihitaji hata shilingi moja ya ziada, inahitaji fundi ageuze mkono tu.

Tulichonunua

Nilirudi Kariakoo na mke wangu. Yule kijana, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alikubali arbuni yangu iingie katika taa nyingine. Jikoni tukaweka taa mbili, moja darini na moja ndefu ukutani juu ya meza ya kukatia. Chumba cha mama kikapata taa yenye nguvu, na ukumbini tukaweka ndogo, chini karibu na sakafu, inayowaka usiku kucha hadi bafuni. Watoto wakapata taa ya mezani. Binti akapata taa sawa na ya chumba chetu, pamoja na soketi karibu na kitanda. Sebuleni tukaweka taa mbili za darini za mwanga wa manjano uliotulia, nazo zinapendeza. Kifaa cha fundi kilifungwa siku ya kwanza.

Jumla ikawa shilingi 740,000, yaani elfu arobaini zaidi ya bajeti. Nalisema hili makusudi, asije mtu akadhani nahubiri ubahili. Kumpa kila mtu haki yake hakukunipunguzia gharama hata kidogo, kuliniongezea.

Wala sitaki msomaji adhani kwamba nafsi imetulia. Kulabu ya chuma niliyomwambia fundi aifunge katikati ya dari la sebule bado ipo. Mwezi uliopita mwalimu mmoja alitutembelea, akaketi, akaangalia juu kama yule kijana alivyotabiri, akaniuliza: "Ustadhi, hapa taa kubwa inakuja lini?" Nikaona haya kwa kitambo, haya ya kweli, kisha mke wangu akaingia na chai kutoka jikoni.

Basi ndugu yangu unayejenga, ukifika kwenye karatasi ya taa, usianze na sebule. Andika kwanza majina ya watu watakaolala ndani ya nyumba hiyo, kila jina na saa zake za usiku, ndipo uandike bei. Ukimaliza mpe karatasi yule ambaye hana sauti katika nyumba aisome, na usubiri atakachouliza.

Tunamuomba Allah (SW) azitie nuru nyumba zetu na nyoyo za wanaokaa humo. Wabillahi tawfiq.